Utungo Wenye Kishikizo cha Shaba

Jinsi nilivyofika Utungoni haina faida kwa msomaji. Nilichoka, nikalowa, nikafika. Yenye faida ni niliyoyaona huko, na nitayaeleza kama yalivyo bila kutia chumvi, maana nchi yenyewe ina ladha ya kutosha.

Utungoni ni nchi ya miji miwili inayotazamana. Juu ya kilima kimoja upo Nenoni, ambako Baraza hukaa na sheria hupitishwa. Juu ya kilima cha pili upo Sikioni, ambako sheria hutekelezwa, mihogo hulimwa na watu huoana. Katikati limelala Bonde la Watiarangi. Humo yamepangwa mapipa ya nili, na juu ya mapipa zimetundikwa nguo mbichi zinazochuruzika rangi mchana kutwa. Barabara ni moja tu, nayo inapita chini ya nguo hizo. Niliuliza kwa nini isipitishwe mahali pengine. Nikajibiwa kwamba pendekezo hilo liko mbele ya Baraza tangu enzi za babu yake mwenyekiti wa sasa, na kwamba linaendelea vizuri.

Watu wa huko hawaandikiani, wanatumiana shanga. Kila neno lina mpangilio wake wa shanga nyeupe na nyeusi. Maneno yakifuatana kwenye uzi mmoja yanakuwa utungo, na mkimbiaji huuvaa shingoni, akashuka bondeni, akapanda ng'ambo. Shida yake msomaji ameshaiona. Tone moja la nili likiangukia ushanga mweupe, ushanga huwa mweusi na neno huwa jingine.

Ndiyo maana kila utungo una mkia. Mtungaji akimaliza maneno yake hupitisha shanga zote vidoleni kwa kanuni ambayo watoto wa huko huijua kabla hawajajua kufunga vifungo, na kanuni humwambia mkia wa utungo huo uwe na shanga zipi. Maneno yale yale huzaa mkia ule ule. Badili ushanga mmoja tu mwilini, na mkia unaotakiwa unakuwa mwingine kabisa. Huko unakofika, msomaji wa lango naye hupitisha mwili vidoleni, hupata mkia wake, na huulinganisha na ule uliokuja. Ikilingana, mkimbiaji hurudi na ushanga mweupe, yaani Imefika. Isipolingana, hurudi na mweusi, yaani Tena, na utungo mbovu hutupwa kapuni. Hakuna anayekaa kukisia ulitaka kusema nini.

Nao walioutuma hawaitupi nakala yao. Inaning'inia msumarini hadi ushanga mweupe urudi. Ukirudi mweusi, huitungua wakaituma. Usiporudi wowote na chupa ya mchanga ikaisha, pia huitungua wakaituma, bila kuhoji wala kununa. Kichwani mwa kila utungo kuna fundo la zamu yake, ili anayeletewa ule ule mara mbili asichinje mbuzi wawili.

Zamani mkia ulikuwa ushanga mmoja tu, wa kuonyesha kama shanga nyeusi za mwilini zinagawanyika kwa mbili au hazigawanyiki. Ulitosha kabisa hadi siku matone mawili yalipoangukia utungo mmoja. La kwanza likafichwa na la pili, mkia ukakubali, na Sikioni iliyoomba chumvi ikapelekewa punda. Vitukuu vya punda hao hulala mbele ya soko mpaka leo. Hakuna anayewafukuza, kwa sababu wanahesabiwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Nilipokewa nyumbani kwa Mashavu, msomaji wa Lango la Sikioni, binti mwenye vidole virefu na majibu mafupi. Jioni ya kwanza mama yake, Bi Mize, aliniuliza jambo wakati punda wanalia nje. Sikusikia. Nikafanya tufanyavyo kwetu mtu anapozungumza na simu inakatikakatika: nikatabasamu, nikatikisa kichwa, nikasema, "Ndiyo, ahsante sana." Kumbe nilikuwa nimeulizwa kama nimekwisha kula. Wali wa nazi ukapita mbele ya pua yangu ukaenda kwa wengine.

Mashavu aliniangalia ninavyoisindikiza sahani kwa macho.

"Dada mgeni, ulisikia ulichoulizwa?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani? Hapa ukisikia nusu hujasikia. Ungesema Tena."

"Nilimwonea haya mama."

"Haya ya nini?" Bi Mize akadakia kutoka jikoni. "Unadhani maneno yangu yatakwisha? Ninayo mpaka ya kugawia majirani!"

Nikaletewa sahani mbili. Moja ilikuwa imefungwa uzi mwekundu.

"Yenye uzi usiile," akasema Bi Mize. "Hiyo imeungua. Nimeileta ili usikae ukaisubiri."

Baadaye nilifahamu kuwa hata tungo za shanga hutumwa hivyo. Neno likiharibikia kwa mwenyewe kabla halijatoka, hufungwa uzi mwekundu na kutumwa vivyo hivyo, ili huyo wa ng'ambo ajue kwamba lipo, kwamba ni bovu, na kwamba asilitegemee. Nilifikiria ofisi za kwetu, na idadi ya mabunda ya uzi mwekundu ambayo zingehitaji kwa mwezi.

Siku zile nchi nzima ilikuwa katika mabishano. Nikapanda Nenoni kuwasikiliza wenyewe Barazani.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Vuai Dadi, mtu mpana mwenye kanzu nyeupe kuliko zote nilizowahi kuona, na sauti inayoanza kwa kishindo na kufia ndevuni. Alitaka tungo zake, na za wazee wenzake wa Baraza, zivalishwe kishikizo cha shaba, na utungo wenye kishikizo hicho usirudishwe kwa Tena.

"Mimi nikisema neno," alisema, "kijana wa langoni analipapasa, analipima, kisha ananirudishia ushanga mweusi. Mweusi! Kana kwamba nimelewa. Neno langu ni neno langu. Kulipima ni kunitilia shaka mimi."

Akasimama Bi Kidawa, msimamizi wa watiarangi, mama mwenye mikono ya bluu hadi viwikoni. "Mheshimiwa, hakuna anayekutilia shaka wewe. Tunaitilia shaka barabara. Nili yangu haiulizi utungo huu ni wa nani kabla haijadondoka."

"Basi dada yangu, ifundishe adabu nili yako."

Wakacheka wajumbe wa mbele. Akainuka Daktari Fumu, kiongozi wa wale wanaojiita Wafasiri. Hao hawapingi mkia wala hawautetei. Wanasema hauhitajiki, kwa kuwa mtu msomi akiona neno lililoharibika hujua tu mwenzake alikusudia nini.

"Utungo mbovu kwangu ni utungo uliokwisha kueleweka," alisema. "Leteni wenye madoa mengi zaidi. Huo ndio unaonipa nafasi."

Mheshimiwa akauliza swali la mwisho, nalo lilifia ndevuni. Makofi yakapigwa, sheria ikapita. Nusu ya wajumbe walikuwa bado wanaulizana chinichini kilichokuwa kinapigiwa makofi ni nini. Hapo nikatambua kwamba Barazani ndipo mahali pekee Utungoni ambapo mtu hasemi Tena. Adhabu ya kuvunja sheria hiyo mpya iliwekwa wazi: msomaji atakayemrudishia mwenye kishikizo ushanga mweusi atavuliwa kiti cha lango, na hatasoma tena maisha yake yote.

Nilimpelekea Mashavu habari hizo nikidhani zitamkera kikazi. Zilimpiga pabaya zaidi. Ndipo aliponieleza kwamba anachumbiwa na Nyange, mtoto wa Mheshimiwa Dadi mwenyewe, kijana aliyekataa kiti cha Baraza akaenda kufanya kazi kwenye mapipa ya Bi Kidawa. Kwa mila ya huko, baba wa mume hutuma idhini yake kwa utungo, na utungo husomwa langoni mbele ya watu. Neno likisomwa langoni limekwisha. Akikataa, hakuna wa kumrudia hadi mwaka mwingine uzunguke, na mama mmoja wa Nenoni alikuwa tayari anamtengeneza binti yake kwa ajili ya Nyange.

"Na msomaji wa lango ni wewe," nikasema.

"Ni mimi. Jibu langu nitalisoma mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wauza mihogo."

"Akili yake unaionaje, mkweo?"

"Ananipenda. Jana kamwambia Nyange kwamba vidole vyangu ni vya kuudhi lakini ni vya kweli. Hofu yangu si yeye. Umeliona bonde wiki hii? Sijui Bi Kidawa amepata kazi ya nani. Wanatia rangi kama wamechanganyikiwa, nguo zimetundikwa mpaka juu ya vichwa vya wakimbiaji."

Utungo ulikuja asubuhi iliyofuata. Aliyeuleta alikuwa Pandu, mkimbiaji mwenye miguu mirefu na njaa isiyokwisha. Kishikizo cha shaba kilimeremeta shingoni mwake, na watu wakaanza kusogea langoni, kwa sababu habari za posa huko Sikioni hazihitaji mkimbiaji.

Mashavu aliupokea kwa mazoea. Vidole vilipita mwilini, vikashuka mkiani, vikasimama. Vilikuwa vimemaliza kupima kabla macho hayajakumbuka kishikizo. Mkia haukulingana. Na vidole vya msomaji, hata kwenye utungo mbovu, husoma vyenyewe. Niliona uso wake ukibadilika.

"Dada Mashavu," Pandu akanong'ona, "nirudi na upi?"

Mkono wa Mashavu ulikwenda kwenye bakuli la shanga nyeusi. Ukasita hapo. Kuuchukua ule mweusi kulikuwa kuvuliwa kiti, na zaidi ya hapo mji wote ungesema kautumia mweusi ili kujiokoa. Kuchukua mweupe kulikuwa kuusoma utungo ule kwa sauti.

"Unasemaje?" nikauliza.

Akaniinamia sikioni. "Unasema, 'Sikubali.'"

Daktari Fumu alikuwepo, maana alikuwa amekuja Sikioni kueneza elimu yake. Akaujia utungo kama fundi anayenusa kazi. "Leta hapa, binti. Ah! Hili ni jepesi. Ni dhahiri alikusudia 'Nakubali'. Toa huu mweusi, tia mweupe, soma. Kila mtu atafurahi, na sayansi itakuwa imesonga mbele."

"Umejuaje alichokusudia?"

"Ninakuona unavyotetemeka. Ushahidi unatosha."

Mashavu akauvuta utungo. "Nikiubadili, Daktari, nitakuwa nimejiposa mwenyewe kwa ushanga wangu. Mume nitamwambia nini?"

"Mwambie alifasiriwa!"

Watu wakaangua kicheko, lakini Mashavu hakucheka. Alifunga bakuli la shanga nyeupe kwa kifuniko, akafunga na la nyeusi. Akautundika utungo kwenye msumari wa ukutani, bila kuusoma na bila kuutupa.

"Kaka Pandu, kaa," akasema.

"Nikae? Na jibu?"

"Hakuna jibu. Mama! Mpe Pandu vitumbua."

Pandu hakubisha. Nami nikaanza kuelewa. Sheria ya Mheshimiwa ilikuwa imekataza Tena. Haikuwa imeamuru Imefika. Kilichobaki kati ya maneno hayo mawili kilikuwa kimya tu, na kimya Utungoni kina mila ya zamani kuliko Baraza. Kule Nenoni nakala ilikuwa msumarini na chupa ya mchanga ilikuwa inamwaga.

Mchana akaja mkimbiaji wa pili na kishikizo kile kile na fundo lile lile la zamu. Vidole vya Mashavu vikapita, vikashuka mkiani. Safari hii uso ulinawiri, kisha ukakunjika.

Pandu, ambaye vitumbua vilikuwa vimemtia ujasiri, alichungulia begani. "Dada! Huu unasema 'Nakubali'! Naona kwa macho yangu! Upokee upesi kabla hawajabadili nia!"

"Mkia umekataa, kaka."

"Mkia wa nini tena, na umekubaliwa!"

"Kuna ushanga mwingine umechafuka humu, sijui upi. Nikipokea unaonifurahisha na kuukataa unaoniudhi, mimi si msomaji, kaka Pandu. Ni shabiki."

Akautundika pembeni ya ule wa kwanza. Bi Mize, aliyekuwa amesimama na sinia, alishika kiuno. Nilidhani atamgombeza. Akasema tu, "Basi wakimbiaji wako wawili. Niongeze unga."

Alipofika wa tatu, naye na mkia usiolingana, ikaja zamu ya mila ya mwisho. Utungo mmoja ukitumwa na kutumwa bila kupokelewa, miji yote miwili hukubali kwamba mgonjwa si utungo, ni barabara. Basi barabara hufungwa kwa maneno yote, hata ya bei ya mihogo. Watiarangi hushusha nguo zao. Wakimbiaji hutembea badala ya kukimbia, wakibeba tungo za mazoezi ambazo kila mtu anazijua, zisemazo, "Hapa ni hapa. Huko ni huko." Malango hupelekeana hizo huku na huku mpaka yaridhike kwamba hapa ni hapa kweli. Ndipo maneno yenye maana huruhusiwa kupita, polepole.

Watu wa Sikioni walilipokea jambo hilo kama sikukuu. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kutuma wala kutumiwa kitu, wote walikuja langoni kukaa. Wanawake walileta majamvi. Wazee walibishana kama Mashavu amevunja sheria au ameikwepa, na kama kuikwepa ni kuivunja kwa heshima.

Katikati ya hayo Mheshimiwa Dadi akatokea mwenyewe, kwa miguu, kupitia bondeni, wakati nguo mbichi zinashushwa. Kanzu nyeupe kuliko zote ilikuwa na madoa ya bluu kuanzia begani hadi pindoni. Bi Kidawa alikuwa nyuma yake akikaza midomo. Kwa heshima yake naandika kwamba hakusema neno, na kwamba haikuwa rahisi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Mashavu.

"Marahaba. Nani amesema Tena kwa utungo wangu?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Mbona umetumwa mara tatu?"

"Sikusema Tena. Sikusema lolote. Makarani wako chupa imewaishia, wakatuma wenyewe, kwa mila."

Mheshimiwa aliitafuta sheria yake kichwani, na nadhani aliikuta mahali ilipo, ikiwa na tundu lile lile. "Basi usome sasa," akanguruma. "Hapa, mbele ya watu. Kishikizo ni changu, neno ni langu. Sina neno la kuficha."

"Mheshimiwa, ningeomba..."

"Soma!"

Mashavu akautungua wa kwanza. Aliusoma kama sheria inavyotaka, kila neno. "'Sikubali. Mwanangu Nyange hana akili. Punda waje na ngoma.'"

Mbele ya soko punda mmoja akalia, kama aliyeitwa.

"Mimi?" akasema Mheshimiwa. "Mimi nimesema hivyo?"

"Kishikizo ni chako." Akautungua wa pili. "'Nakubali. Mwanangu Nyange hana meno. Wageni waje na ngoma.'"

Watu wakageuka kumtazama Nyange, aliyekuwa amepanda kutoka bondeni na Bi Kidawa, na Nyange, nadhani bila kufikiri, akaonyesha meno yake.

"Huu nao ni wako," Mashavu akaendelea. "Zote mbili zina shaba, na sheria inasema nisizitilie shaka. Basi chagua, Mheshimiwa. Nitangaze neno lako lipi? La kwanza likisimama, mimi na Nyange tumekwisha leo. La pili likisimama, naolewa na kibogoyo. Mimi nitasoma utakalolikubali."

"Kuna ufasiri wa kuyapatanisha!" akasema Daktari Fumu. "Punda wasio na meno..."

"Kaa chini, Daktari," akasema Mheshimiwa.

Alisimama akiitazama kanzu yake. Alilikwangua doa la begani kwa ukucha, likakataa kutoka. Akamwangalia Bi Kidawa, Bi Kidawa akaangalia mawingu. Kwa muda mrefu mtu yule mpana alionekana mwembamba kidogo.

"Nami nilidhani mnanipima mimi," akasema mwishowe, na safari hii kila mtu alisikia. "Toeni kishikizo. Ukija mwingine, pimeni mkia." Mkimbiaji wa tatu akavirudisha vishikizo Nenoni, makarani wapate kuelewa.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Si yuko hapa mwenyewe? Aseme kwa mdomo yaishe!" Akazomewa na wote. Neno lililoanza safari kwa shanga humaliza safari kwa shanga. Ndivyo Utungoni walivyo, na sikuweza kupata anayeona ajabu. Mheshimiwa mwenyewe akaketi kwenye jamvi kulisubiri neno lake, akaletewa kitumbua, na alionekana ana wasiwasi kuliko wote.

Wakati wa kusubiri ndipo ilipojulikana kilichokuwa kimelijaza bonde. Watoto waliokuwa wakikunja nguo zilizoshushwa walianza kucheka. Nguo zilikuwa jozi jozi, zote za aina moja, bluu yenye maua meupe. Zilikuwa kanga za arusi.

"Za nani hizi?" akauliza Bi Mize.

Bi Kidawa hakuweza kujizuia zaidi. "Muulizeni huyo kijana wangu. Kaniambia baba kakubali, kabla baba hajatuma. Kazi ya mji mzima, tangu juzi, usiku na mchana! Nyie mnadhani ile nili ilikuwa inamwagikia nani?"

Mashavu akamgeukia mchumba wake polepole. "Nyange. Utungo wa idhini yetu umechafuliwa na kanga za arusi yetu?"

"Nilitaka ziwe tayari," akasema Nyange, na masikio yake yalikuwa na bluu pia. "Nilijua atakubali."

"Ulijua! Karibu tungeachanishwa na ulichokijua! Wewe na Daktari Fumu mngefungua duka moja!"

Mkimbiaji alionekana bondeni akitembea, kwa mara ya kwanza chini ya anga tupu. Utungo haukuwa na shaba. Mashavu aliupokea, na nikaona kwamba vidole vile havikuwahi kwenda taratibu vile. Vilipita mwilini. Vilishuka mkiani. Vilirudi mwanzo vikapita tena, ingawa kanuni haidai hivyo.

"Unalingana," akasema.

Akavuta pumzi, akasoma. "'Nakubali. Mwanangu Nyange hana subira. Wageni waje na ngoma.'"

Kicheko kilichofuata kiliwaamsha punda wote wa taifa. Mheshimiwa alicheka hadi akajipaka mafuta ya kitumbua juu ya nili. Mashavu alifungua bakuli, akampa Pandu ushanga mweupe, na Pandu, aliyekuwa amekaa siku nzima, alikimbia nao bondeni hadi tukaona nyayo zake tu. Nenoni wakaishusha nakala msumarini.

Arusi ilifanyika kabla sijaondoka. Sheria ya vishikizo ilikuwa imefutwa Barazani, na nilisimuliwa kwamba katika kikao hicho mjumbe mmoja wa nyuma aliinua mkono na kuuliza hoja ni ipi, akajibiwa, na hakufa. Daktari Fumu alikuwa amefunga utungo wake wa pongezi kwa uzi mwekundu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora.

Kwa mila ya Utungoni, bibi arusi hutamka ridhaa yake mwenyewe mbele ya wote, na mkwewe huipokea. Tulijaa uani, kila mmoja ndani ya kanga ile ya bluu yenye maua meupe. Mashavu aliulizwa, akajibu. Lakini wapiga ngoma walikuwa wamejifunza subira kwa bwana arusi. Walianza kupiga kabla hajafunga kinywa, na jibu lake likazama humo.

Macho yote yakamwendea Mheshimiwa Dadi. Kwetu angetabasamu, akatikisa kichwa, na tukala. Naye alitabasamu. Kisha akainua mkono mmoja, ngoma zikakatika, na kwa sauti isiyofia ndevuni akasema:

"Tena!"

Mashavu alimtazama, akacheka mpaka shungi likamteleza. Akavuta pumzi, akajaza kifua.

"Nimekubali!"

Mheshimiwa akageuza sikio lake upande wa pili, kama msomaji anayelinganisha mkia. Hakuwa na haraka. Bi Kidawa alimpiga kiwiko.

"Imefika," akasema mkwe, na ngoma zikaruhusiwa.